Skwati ya Kasi: Uzito Mwepesi Hujenga Nguvu, Lakini kwa Masharti

Mtu ambaye skwati yake, yaani kuchuchumaa na kuinuka akiwa na fimbo ya uzito mgongoni, imeganda kwenye kilo 120 kwa miezi kadhaa hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa zamani: ongeza sahani za uzito kwenye fimbo, kaza meno, mwili utazoea. Wa pili umeenea sana siku hizi kupitia video fupi za mtandaoni: punguza uzito hadi nusu, inuka kwa kasi yote uliyonayo, na baada ya wiki chache zile kilo 120 zitakuwa nyepesi. Ushauri huu wa pili una ukweli mkubwa ndani yake. Una pia pengo, na pengo hilo linawapotezea watu muda mwingi wakiwa wanaamini wanafanya kazi.

Msimamo wa makala haya ni huu: uzito usio mkubwa, ukiinuliwa kwa kasi ya mwisho, hujenga skwati kweli. Ila uzito huo ni asilimia 60 hadi 80 ya kilele chako, si 40 au 50 kama wengi wanavyofanya. Seti, yaani marudio unayofanya mfululizo kabla ya kupumzika, hukatwa kabla kasi haijaanguka. Na uzito mkubwa hauondolewi kwenye wiki yako. Kwa kilele nina maana ya kilo nyingi kabisa unazoweza kushuka nazo hadi mkunjo wa nyonga uwe chini ya usawa wa goti, kisha ukainuka nazo mara moja bila kuguswa na mtu.

Tuanze na ile nusu, maana ina asili yake. Aliyeitangaza zaidi duniani ni Louie Simmons, kocha wa Marekani aliyefariki mwaka 2022, ambaye klabu yake ya Westside Barbell ilikuwa Columbus, Ohio. Simmons alichukua mawazo ya makocha wa Urusi ya Kisovyeti na kuyapanga kwenye wiki ya mnyanyuaji: siku moja ya miguu ni ya uzito mkubwa kabisa, na baada ya saa kama 72 inafuata siku ya kasi. Siku ya kasi ilikuwa seti 8 hadi 12, kila seti marudio 2 tu, mapumziko ya dakika moja au pungufu, kwa kukaa kwenye boksi na kuinuka. Uzito ulipanda kwa wiki tatu, asilimia 50, kisha 55, kisha 60, halafu mzunguko ukaanza upya.

Watu wengi walichukua namba hizo wakaacha mazingira yake. Wanyanyuaji wa Westside walikuwa wakishindana ndani ya suti za skwati, zile nguo nene zinazobana nyonga na kumrudisha mtu juu kutoka chini. Suti humwongezea mnyanyuaji mzoefu kilo nyingi. Tuseme mtu ana rekodi ya kilo 300 ndani ya suti, na bila suti ana kilo 220. Asilimia 50 ya 300 ni kilo 150. Kwa miguu yake isiyo na suti, kilo 150 ni asilimia 68. Zaidi ya hapo, kwenye fimbo walifunga mipira ya kuvuta au minyororo, iliyoongeza uzito kadiri mtu alivyopanda. Kwa hiyo ile "nusu" kwa mwili wenyewe haikuwa nusu. Mtu wa Kinondoni au Eastleigh asiye na suti wala mipira, anayeweka kilo 60 mgongoni ilhali kilele chake ni 120, anafanya zoezi jingine kabisa. Anajifunza kusogea haraka akiwa na mzigo mdogo, jambo linalomfaa mchezaji wa mpira au mrukaji, lakini kwa skwati ya kilo 130 analofaidi ni kidogo.

Sababu iko kwenye fizikia ya darasani. Kani ni tungamo mara mchapuko. Ukiweka kilo 100 mgongoni na kusimama tuli, fimbo inakudai kani ya nyutoni 981. Ukiisukuma kutoka chini kwa mchapuko wa mita 3 kwa sekunde mraba, inakudai nyutoni 1,281, ambazo ni sawa na kushikilia kilo 130 na ushei. Hapa ndipo watetezi wa kasi hufurahi, na wana haki: chini kabisa kwenye shimo, mahali ambapo skwati nyingi hufia, kilo 100 zimekufanyisha kazi ya kilo 130.

Lakini safari haijaisha. Fimbo iliyoanza ikiwa imetulia chini lazima itulie tena juu. Kasi yote uliyoipa nusu ya kwanza ya safari huna budi kuirudisha nusu ya pili. Ukiwa unapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde mraba karibu na kusimama, fimbo ile ile ya kilo 100 inakudai nyutoni 481 tu, yaani chini ya kilo 50. Na ukipiga hesabu ya wastani wa kani kwa muda wote wa kupanda, kutoka kutulia hadi kutulia, jibu ni uzito wa fimbo wenyewe, wala haiongezeki hata nyutoni moja kwa sababu umeenda haraka. Kasi hugawa upya kazi: inajaza chini na kupunguza juu. Haizalishi kilo za bure. Kadiri uzito unavyokuwa mdogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya safari inavyotumika kufunga breki. Ndiyo maana asilimia 40 ni uzito mbaya wa kujengea nguvu za skwati iliyofanywa miguu ikiwa sakafuni, na ndiyo maana Westside walihitaji mipira na minyororo: kuzuia ile nusu ya juu isiwe ya bure.

Kama hesabu ndiyo hiyo, mbona njia hii bado inafanya kazi? Kwa sababu nguvu si misuli peke yake. Mishipa ya fahamu huamsha nyuzi za msuli kwa zamu: vikundi vidogo kwanza, vikubwa mwisho, kadiri mahitaji yanavyopanda. Kanuni hiyo ilielezwa na Elwood Henneman wa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa mwendo wa polepole na mzigo mdogo, vile vikundi vikubwa vinaweza kubaki vimelala hadi uchovu uvilazimishe. Ila mtu anapokusudia kusukuma kwa ghafla na kwa nguvu zote, vizingiti vya kuviamsha hushuka, na vikundi vikubwa huitwa mapema ingawa mzigo ni mdogo. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji, Van Cutsem, Duchateau na Hainaut, walionyesha kwamba wiki 12 za mikazo ya haraka yenye mzigo mdogo ziliufanya ubongo na uti wa mgongo kufyatua ishara kwa wingi zaidi mwanzoni mwa mkazo. Utafiti ule ulikuwa kwenye msuli wa mbele wa mguu chini ya goti, si kwenye skwati, na si vizuri kuupanua kupita kiasi. Kinachofaa kukumbukwa ni neno "kukusudia". Kinachofundisha mwili ni nia ya kusukuma kwa kasi ya mwisho, hata fimbo yenyewe isipoenda haraka kwa sababu ni nzito. Mwaka 1993 Behm na Sale walilisema hilo wazi baada ya kufundisha watu mguu mmoja ukisogea na mwingine ukiwa umezuiwa: miguu yote miwili ilipata faida za mazoezi ya kasi.

Fred Hatfield, Mmarekani aliyeinuka na kilo 460 mwaka 1987 akiwa na miaka 45, alijenga mazoezi yake juu ya wazo hilo hilo. Yeye hakutenga siku ya kasi yenye uzito mdogo peke yake. Kila alipopita sehemu ngumu ya skwati na fimbo kuanza kuwa rahisi, aliisukuma zaidi badala ya kuiacha ipande kivivu. Hii ndiyo tabia ya kwanza ninayomshauri mnyanyuaji yeyote, hata kabla ya kugusa ratiba yake. Haihitaji kifaa wala siku ya ziada.

Ushahidi ulio karibu zaidi na skwati yenyewe umetoka Hispania. Kundi la watafiti wa huko, akiwemo González-Badillo na Pareja-Blanco, lilichapisha mwaka 2017 jaribio la wiki 8 lenye makundi mawili. Wote walifanya skwati peke yake, kwa asilimia 70 hadi 85 ya kilele, kila rudio kwa kasi ya mwisho. Kundi moja lilikata seti kasi iliposhuka kwa asilimia 20 kutoka kwenye rudio la haraka zaidi. Jingine liliendelea hadi iliposhuka asilimia 40, karibu na kushindwa kabisa. Kundi la kwanza lilifanya marudio pungufu kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo nguvu zao za skwati hazikupungukiwa chochote na wenzao, na kwenye kuruka juu waliongeza asilimia 9.5 dhidi ya 3.5. Waliochoka zaidi walipata misuli minene zaidi ya paja, lakini nyuzi zao za haraka kabisa zilipungua.

Angalia vizuri namba hizo: asilimia 70 hadi 85. Huu si uzito mwepesi kwa maana ya video za mtandaoni. Ushahidi mzuri kabisa tulio nao unatetea uzito wa wastani usiochosha. Kilichoondolewa ni yale marudio matatu ya mwisho ya seti, yale ya kutetemeka na kupiga kelele, ambayo wengi huyahesabu kuwa ndiyo mazoezi yenyewe. Kwa mtu anayetaka mapaja makubwa, marudio hayo yana kazi yake. Kwa anayetaka kilo zaidi kwenye skwati, mengi ni gharama: yanakula kupona kwake, yanaharibu mkao, na yanamfundisha kuinuka polepole.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Unahitaji kupima kasi, na si lazima ununue kifaa. Simu inatosha. Iweke pembeni kwenye usawa wa nyonga, umbali wa mita 2 au 3, na urekodi kwa picha 60 kwa sekunde. Simu nyingi za kawaida zina uwezo huo kwenye mipangilio ya kamera. Pima kwa futi kamba umbali ambao fimbo inasafiri kutoka chini kabisa hadi umesimama. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 55 na 70. Kisha hesabu picha kutoka ile ambayo fimbo inaanza kupanda hadi ile ambayo inasimama. Tuseme fimbo inasafiri sentimita 60 na umehesabu picha 48. Hizo ni sekunde 0.8, na kasi ya wastani ni mita 0.75 kwa sekunde.

Kwa kuelekeza tu, skwati ya kilele chenyewe hupanda kwa takriban mita 0.3 kwa sekunde. Asilimia 80 mara nyingi huwa karibu na mita 0.6, na asilimia 70 kati ya 0.7 na 0.85. Watu hutofautiana, wenye mapaja marefu hasa, kwa hiyo jitengenezee jedwali lako: siku moja ambayo umelala vizuri, panda kutoka asilimia 50 hadi 90 kwa hatua za 10, marudio mawili kila hatua, uandike picha za lile la haraka zaidi.

Kanuni ya kukata seti nayo inageuka kuwa rahisi. Kushuka kwa kasi kwa asilimia 20 maana yake muda unaongezeka kwa robo. Rudio la haraka likiwa na picha 48, seti inakufa kwenye picha 60. Katika siku ya kasi ningekata mapema zaidi ya hapo, kwenye kushuka kwa asilimia 10, yaani picha 53 au 54. Baada ya wiki mbili tatu hutahitaji kuhesabu kila seti. Jicho la mwenzako aliyesimama pembeni litaona, na sikio pia: sahani zinazogonga pamoja mara moja mwishoni mwa rudio la haraka hazitoi mlio huo rudio linapozembea.

Chukua mtu mwenye kilele cha kilo 140, anayefanya miguu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa. Jumatatu ni nzito: baada ya kupasha mwili, seti 4 za marudio 3 kwa asilimia 80 hadi 87, yaani kilo 112.5 hadi 122.5, mapumziko ya dakika 3 hadi 5. Ijumaa ni ya kasi. Wiki ya kwanza kilo 90, seti 8 za marudio 3. Wiki ya pili kilo 97.5, seti 6 za marudio 3. Wiki ya tatu kilo 105, seti 8 za marudio 2. Wiki ya nne anapumua: kilo 85, seti 5 za marudio 2, na Jumatatu ya wiki hiyo anapunguza seti hadi mbili. Mapumziko ya Ijumaa ni sekunde 60 hadi 90. Simmons alitumia pungufu, lakini wanyanyuaji wake walikuwa na miaka mingi ya mazoezi hayo. Kwa wengine sekunde 45 huifanya siku ya kasi kuwa siku ya pumzi, na mapafu ndiyo yanakata seti badala ya miguu.

Jumla hizo za marudio, 24, kisha 18, kisha 16, hazikuokotwa. Zinafuata jedwali la Prilepin, kocha wa Kisovyeti aliyechambua rekodi za mazoezi za wanyanyuaji wa Olimpiki. Jedwali hilo linapendekeza marudio 24 kwa jumla kwenye asilimia 55 hadi 65, na 18 kwenye asilimia 70 hadi 80, likiruhusu kati ya 12 na 24. Lilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya kunyakua na kusukuma juu, si kwa skwati ya kasi, ila kama uzio wa kuzuia mtu asizidishe, bado linafaa.

Kama jimu yako haina sahani za kilo 1.25, kilo 97.5 haiwezekani. Weka 95. Siku ya kasi ukikosa uhakika, shuka; kilo mbili na nusu pungufu hazitakupotezea kitu, ila kilo tano za ziada zinaweza kuua kasi tangu seti ya tatu.

Kupasha mwili kwa siku hii kunahitaji uangalifu kuliko siku nzito, maana rudio la kwanza kabisa la kazi linatakiwa kuwa la kasi ya mwisho. Dakika 5 za kutembea haraka au baiskeli, skwati 10 hadi 15 bila uzito, fimbo tupu marudio 8, kisha asilimia 30, 45 na 55 kwa marudio 3 kila moja, kila hatua haraka kuliko iliyotangulia. Miruko mitatu ya juu kwa miguu miwili, ikitua kwa utulivu, inafaa kabla ya seti ya kwanza.

Rudio lenyewe linafanywaje? Vuta hewa tumboni kabla ya kushuka na ukaze kiuno pande zote, mbele, ubavuni na nyuma. Shuka kwa sekunde moja au moja na nusu, ukiwa umeitawala fimbo. Fika kina chako cha kawaida. Geuka bila kuchelewa, halafu sukuma sakafu, ukiendelea kusukuma hadi nyonga na magoti yanyooke pamoja. Nyayo zibaki chini. Visigino vikiinuka kidogo mwishoni kwa sababu ya kasi, uzito umekuwa mdogo mno. Ongeza kilo 5. Simama, vuta hewa upya, rudia. Marudio matatu ni matatu yaliyotenganishwa na pumzi, si matatu yanayodunda mfululizo.

Kosa linaloharibu njia hii kuliko mengine yote ni kupoteza kina. Mtu anayetafuta kasi hugundua haraka, bila hata kujua, kwamba skwati fupi ni skwati ya haraka. Wiki ya kwanza anashuka chini ya goti, wiki ya tatu anaishia sentimita 8 juu, na simu inamwonyesha kasi imepanda. Anafurahi. Siku ya kupima kilele, ile sehemu ya chini ambayo hakuifanyia kazi kwa wiki tatu inamkataa. Dawa yake ni kipimo kisichobembeleza: boksi, benchi fupi au kreti imara lililowekwa kwenye kimo cha kina chako, uliguse kwa makalio bila kulidundia. Kuketi kabisa kwenye boksi kwa mtindo wa Westside ni jambo jingine, linahitaji mwalimu, kwa kuwa anayejitupa kwenye boksi anaubana uti wa mgongo kati ya mbao na fimbo. Asiye na mwalimu afanye skwati ya kutulia: kushuka, kukaa chini sekunde mbili bila kulegea, kisha kupasuka juu. Punguza asilimia 5 ya uzito kwa ajili yake. Inafaa hasa kwa mtu anayefia chini kabisa, kwa sababu inamnyima ule mdundo wa misuli aliokuwa akiutegemea.

La pili ni makalio kutangulia. Kwenye kasi, nyonga huruka juu na kifua kubaki nyuma, skwati inageuka kuwa kuinama na kuinuka, na kiuno kinabeba. Ukiliona kwenye video, punguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10 na ukaze mgongo wa juu, viwiko vikielekea chini, fimbo ikivutwa kwenye mabega. Lisipoisha kwa wiki mbili, tatizo ni udhaifu wa paja la mbele, nalo hutibiwa na skwati ya mbele, fimbo ikiwa mbele ya mabega, au ya mguu mmoja kwa marudio 6 hadi 10, si na kasi zaidi.

La tatu ni fimbo kuacha mgongo. Ukisimama kwa ghafla sana, fimbo hupaa sentimita moja mbili na kurudi kwenye shingo. Ishike kwa nguvu kana kwamba unataka kuikunja, na daima funga vibana vya sahani pande zote mbili. Siku ya kasi bila vibana, sahani hutembea kuelekea nje kila rudio, na ya upande mmoja ikidondoka, upande wa pili unakuzungusha. Vyuma vya usalama kwenye stendi viwe juu kidogo tu ya kina chako, hata kama kilo ni chache.

Jimu nyingi za mitaani Afrika Mashariki zina sahani za saruji zilizomiminwa kwenye makopo, au vyuma vya gari vilivyochomelewa. Vinajenga watu wenye nguvu kila siku, na sina neno baya juu yake. Ila kwa siku ya kasi vipime kwanza, hata kwa mizani ya duka la nafaka, kisha uandike kilo halisi kwa rangi. Tofauti ya kilo 2 kati ya kulia na kushoto ambayo husikii kwenye rudio la polepole huizungusha fimbo unapoisukuma ghafla, na mgongo wa chini ndio unaolipa. Fimbo iliyopinda isitumike kabisa siku hii.

Wenye uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi wanaweza kuongeza minyororo, na hapa kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Mnyororo wa chuma wa unene wa milimita 10, unaopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, una uzito wa kilo 2.2 hivi kwa mita. Fimbo ikisafiri sentimita 60, mnyororo mmoja kama huo umeongeza kilo 1.3 tu, jambo ambalo miguu haitaligundua. Wa milimita 16 una kilo karibu 5.8 kwa mita. Ukining'iniza nyuzi mbili kila upande, sentimita 60 zinakupa kilo 14 za ziada kati ya chini na juu, na kwa mtu mwenye kilele cha 140 hiyo ni asilimia 10, kipimo kizuri cha kuanzia. Unapoutumia, punguza uzito wa fimbo kwa nusu ya nyongeza hiyo. Ufunge kwa kamba fupi iliyoshikamana na fimbo ili sehemu kubwa ya mnyororo irundikane sakafuni ukiwa chini, na pete kadhaa zibaki zimegusa sakafu ukiwa umesimama. Unaoning'inia wote hewani huyumba na kukupoteza mizani.

Mipira iliyokatwa kutoka tyubu za magari ni rahisi kupata, lakini naiogopa zaidi. Mvuto wake haujulikani, hubadilika kadiri mpira unavyozeeka, na upande mmoja mara nyingi hukaza kuliko mwingine. Pia hukuvuta chini wakati wa kushuka, mtu akajikuta anaanguka haraka kuliko alivyopanga. Anayeitumia aupime mvuto wa kila upande kwa mizani ya kuning'iniza mizigo, kwenye urefu wa chini na wa juu, na akatae jozi inayotofautiana zaidi ya kilo 1.

Wapo ambao siku hii si yao kwa sasa. Anayeanza, ambaye bado anaongeza kilo mbili na nusu kila wiki kwa mazoezi ya kawaida, hana sababu ya kuitenga. Asukume kila rudio kwa nia na aache ratiba ilivyo. Mwenye maumivu kwenye kano chini ya kilegesambwa yanayochoma akiruka au akishuka ngazi asubiri: kano iliyowaka huvumilia mzigo mzito wa polepole vizuri zaidi kuliko mgeuko wa ghafla, na wiki kadhaa za skwati ya sekunde 3 kushuka na 3 kupanda humfaa kwanza. Kwa upande mwingine, watu wa miaka 50 na zaidi ninawahimiza wazi. Uwezo wa kutoa nguvu kwa haraka huporomoka na umri kuliko nguvu zenyewe, na ndio unaomwokoa mtu anapojikwaa. Kwao asilimia 40 hadi 60, seti 3 za marudio 6, kushuka taratibu na kupanda haraka, mara mbili kwa wiki, hata kwa kuinuka kwenye kiti akiwa amekumbatia dumu la maji, ni mazoezi ya maana.

Ipo pia siku ambayo kasi haiji. Umepasha mwili, umeweka kilo 90, na picha ambazo mzunguko uliopita zilikuwa 46 leo ni 54. Usilazimishe. Pumzika dakika 3, jaribu seti nyingine. Ikirudi pale pale, shusha hadi kilo 80, fanya seti 4 za marudio 2, uondoke. Mara nyingi ni usingizi, joto, maji, au Jumatatu iliyokuwa kali kupita mpango. Ikitokea Ijumaa mbili mfululizo, kata seti moja ya Jumatatu kabla ya kugusa kitu kingine.

Baada ya mizunguko miwili, wiki nane, pima upya, lakini usianze na kilele. Anza na kilo 112.5, ile asilimia 80 ya zamani. Kama zilikuwa zinapanda kwa picha 60 na sasa ni 52, nguvu imeongezeka, na jaribio la kilo 145 lina msingi. Kama picha za kilo 70 na 80 zimepungua ila za 112.5 ziko vile vile, umekuwa mwepesi bila kuwa na nguvu zaidi. Mzunguko unaofuata panda: Ijumaa ianze asilimia 70 na kuishia 80, marudio 2 kila seti, na Jumatatu iongezwe seti moja ya asilimia 90.